Tuwapeleke watoto kisiwani, lakini watembee

Muhula wa pili ukishaanza, barua hutoka shuleni ikaingia majumbani mwetu hapa Subukia. Aghalabu barua hiyo huwa na mistari mitatu: mahali watakapopelekwa wanafunzi, kiasi cha fedha kinachohitajika, na siku ya mwisho ya kulipa. Mstari wa nne, ambao ungemweleza mzazi kwa nini mtoto wake apelekwe huko na atarudi na nini kichwani, haumo. Mzazi husoma, huguna, hupekua mfuko, na asiyekuwa nacho huikunja barua akaitia chini ya mto. Siku ikifika, basi huondoka gizani likiwa limejaa nyimbo, na nyuma yake hubaki watoto kadhaa langoni wakipunga mikono.

Nimefundisha kwa muda wa kutosha kuwa miongoni mwa wanaostahili lawama kwa jambo hili, na ni heri nikiri langu kabla ya kuwanyoshea wengine kidole. Mwaka mmoja katika miaka ya tisini niliongoza wanafunzi wa darasa la saba kwenda Nairobi. Tuliondoka saa tisa za usiku. Tulipita mabonde na maziwa ambayo watoto wangeweza kuyasoma kwa macho yao, lakini walikuwa wamelala, vichwa vimeegemea vioo. Makumbusho tuliyazunguka kwa dakika arobaini. Ndege tuliziona kupitia ua wa waya. Tukala viazi vya kukaanga, tukarudi, tukafika nyumbani karibu saa sita za usiku, dereva akisinzia na mimi nikimsemesha ili asilale.

Kesho yake niliwaamuru waandike insha juu ya ziara ile. Insha zote zilizungumzia basi: nani alitapika, nani alikaa karibu na nani, gurudumu lilitoboka wapi. Hata moja haikueleza chombo kimoja cha makumbusho. Palikuwa na kijana mmoja ambaye hakwenda kwa kuwa nyanyake hakupata nauli. Huyo naye, kwa kukosa la kuandika, aliandika alivyoshinda siku ile akifuata mbuzi kando ya mto Waseges. Alieleza mahali maji yalipokuwa meupe na mahali yalipogeuka kuwa mekundu kwa udongo wa shamba lililolimwa hadi ukingoni. Alihesabu miti iliyokatwa. Alitaja ndege kwa majina ya kwao. Nilimpa alama za juu kuliko wote, kisha nikaketi na madaftari yale mbele yangu nikiona haya. Mtoto tuliyemwacha ndiye pekee aliyekuwa amefanya ziara.

Tangu siku hiyo nimekuwa na rai moja, nayo ndiyo ninayoileta leo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wao. Ziara ya shule iwe ya siku moja. Iwe ya mahali pamoja. Sehemu yake kubwa iwe ya miguu. Na asibaki mtoto hata mmoja langoni. Kama mtu angeniuliza ni mahali gani hapo panapofaa, ningemjibu: kisiwa kidogo.

Kwa nini miguu? Kwa sababu mguu ndio kipimo cha kwanza cha umbali alichojaliwa binadamu. Mtoto aliyeelezwa kwamba kilomita moja ni mita elfu moja amepata maneno. Aliyeitembea jua likimpiga utosini ameipata kilomita yenyewe. Anayetembea huinama, huokota, huuliza, hurudi nyuma hatua tatu kutazama tena. Anayepita kwa gari huonyeshwa tu, na kabla hajauliza kile alichoonyeshwa kimekwisha kubaki nyuma.

Na kwa nini kisiwa? Kwa sababu kisiwa kidogo kina mipaka ambayo mtoto anaweza kuifika. Nairobi haina mwisho machoni pake, wala Mombasa. Lakini kisiwa kidogo huanza majini na kuishia majini. Mtoto anaweza kusimama katikati yake akakiona kizima, akakichora asubuhi kwa kukisia, kisha akakichora tena jioni kwa kukijua. Tofauti ya michoro hiyo miwili ndiyo elimu ya siku ile, na hakuna mtihani unaoweza kuipima vizuri zaidi.

Fikra hii si ngeni duniani. Nchini Japani, nchi ya visiwa kwa maelfu, shule zina desturi ya siku nzima ya matembezi iitwayo ensoku. Neno hilo huandikwa kwa alama mbili, moja ikiwa na maana ya mbali na nyingine ikiwa na maana ya mguu. Mtoto hubeba chakula kilichopikwa kwao, na aghalabu hupewa kijitabu chenye ratiba, ramani, orodha ya vitu vya kubeba na nafasi ya kuandika aliyoyaona. Siku hizi sehemu ya njia huenda kwa basi au kwa gari la moshi, lakini jina limebaki lile lile na kutembea kungalipo. Wenzetu hao si maskini wa magari. Wanayo tele, ila wameona kwamba kuna somo ambalo gari haliwezi kulifundisha.

Sasa tuje kwetu. Subukia ni bonde lililozungukwa na miinuko, na mstari wa ikweta unapita karibu nasi. Maji yetu, yale ya Waseges, hayaendi baharini. Huteremka kuelekea kaskazini hadi yakaishia katika ziwa la Bogoria, ziwa la chumvi. Watoto wetu wengi huteka maji ya mto huo kila siku bila kujua yanakwenda wapi. Wengi hawajapata kupanda chombo cha majini, na wengi zaidi hawajui kuogelea. Ndiyo maana ninasema kisiwa si anasa kwao. Ni upande wa pili wa somo wanaloishi ndani yake.

Visiwa viwili vinaweza kufikiwa kutoka hapa, na ningependa wanafunzi wenyewe wapewe nafasi ya kuvipima kabla ya mwalimu kuamua.

Cha kwanza ni Ol Kokwe, katika ziwa la Baringo. Ni kisiwa cha volkano, kina chemchemi za maji ya moto, na kinakaliwa na watu, jamii ya Il Chamus, ambao wamekuwa wavuvi na wafugaji katika ziwa hilo tangu kale. Mtoto angejifunza mengi huko kuhusu maisha ya watu kuliko kuhusu wanyama. Isitoshe, ziwa hilo lina kisa cha kusimulia. Maji yake yalipopanda, rasi iitwayo Longicharo ilikatwa na nchi kavu ikageuka kuwa kisiwa, na twiga tisa wa aina ya Rothschild wakanaswa juu yake. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga hao walivushwa kwa chelezo maalumu ya chuma hadi hifadhi ya jamii ya Ruko. Hebu mwalimu wa Hisabati awaulize wanafunzi: utamvushaje mnyama mwenye shingo ndefu namna ile bila chombo kupinduka? Somo la uzito na mizani litakuwa limejifundisha lenyewe.

Hata hivyo, Baringo ni mbali kwa safari ya kwenda na kurudi mchana, maji yake yana mamba na viboko, na usalama wa sehemu za kaunti hiyo umekuwa ukibadilika badilika. Kwa wanafunzi wa sekondari watakaolala huko siku mbili, wakiwa wameandaliwa na wenyeji, Ol Kokwe ni chaguo jema. Kwa watoto wa msingi na siku moja, nalielekeza jicho kwingine.

Cha pili ni kisiwa cha Crescent, katika ziwa la Naivasha. Jina hilo la Kizungu lina maana ya mwezi mwandamo, kwa kuwa kisiwa chenyewe ni kipande cha ukingo wa kasoko la volkano lililozama, na umbo lake limepinda kama hilali. Maji yaliyo ndani ya mkunjo huo ndiyo yenye kina kirefu kuliko sehemu nyingine za ziwa. Juu ya kisiwa wamo twiga, punda milia, nyumbu, kuro na swala, wala hamna simba. Kwa hiyo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu miongoni mwa wanyama, jambo ambalo katika mbuga nyingi za nchi hii ni marufuku. Kutoka Subukia hadi Nakuru ni kiasi cha kilomita 40, na kutoka Nakuru hadi Naivasha ni kiasi cha 70. Ni safari inayowezekana kuanza kukipambazuka na kumalizika kabla ya machweo.

Kisiwa hicho kina somo jingine ambalo nalipenda kuliko yote. Vitabu vya Jiografia hutuambia kwamba kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji pande zote. Basi Crescent ni kisiwa? Jibu ni kwamba hutegemea mwaka. Ziwa likipungua sana, kama lilivyopungua mnamo 2009, huungana na nchi kavu likawa rasi, na watu wakaingia bila kulowa nyayo. Ziwa likijaa, huwa kisiwa kamili na hapafikiki ila kwa mashua. Katika mwaka wa 2020 ziwa hilo lilijaa hata likawahamisha wakazi wa mtaa wa Kihoto, mjini Naivasha, na mnamo 2025 mafuriko yaliwarudia tena. Mwanafunzi atakayesimama pale na kuelewa kwamba ramani nayo ina umri, na kwamba neno lililo kitabuni laweza kuwa kweli mwaka huu na kuwa uongo mwaka ujao, huyo amekwisha kuanza kuwa msomi.

Lakini ziara haianzi siku ya ziara. Huanza majuma sita kabla, darasani, na wanaoipanga wawe wanafunzi. Hapa ndipo tunapokosea mno sisi walimu. Tunapanga kila kitu afisini, kisha tunawapakia watoto kama magunia. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika rasmi katika madarasa ya chini mnamo 2019, unadai kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Nao mtihani wa KCPE, uliokuwa kisingizio chetu cha kila siku, ulifanywa mara ya mwisho mnamo 2023. Kisingizio kimekufa, mazoea ndiyo yaliyobaki.

Chukua mfano huu. Tuseme wanafunzi ni 40, walimu ni wanne, na wazazi wawili wamejitolea kuandamana nasi. Jumla ni watu 46. Tuseme mashua moja inachukua abiria wanane, na inatumia robo saa kuvuka na robo saa kurudi. Wanafunzi wakokotoe. Watagundua kwamba zinahitajika safari sita. Kwa mashua moja, wa mwisho atatia mguu kisiwani karibu saa tatu baada ya wa kwanza kuondoka, na siku itakuwa imekwisha. Kwa mashua tatu, kila moja ikivuka mara mbili, kazi itakwisha kwa dakika arobaini na tano. Hesabu hiyo si ya kubuniwa na mwandishi wa kitabu. Asiyeipata sawasawa atasimama ufuoni akingoja.

Wa Kiswahili nao waandike barua rasmi: moja kwa wenye kisiwa wakiuliza ada ya wanafunzi na kama ipo nafuu kwa shule, moja kwa afisi ya elimu wakiomba idhini, na moja kwa wazazi. Hiyo ya wazazi iwe na ule mstari wa nne. Wa Jiografia wachore njia: kushuka Nakuru, kuliacha ziwa Nakuru upande mmoja, kupita kando ya Elmenteita, hadi Naivasha. Maziwa mawili ya kwanza ni ya chumvi na yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2011 pamoja na Bogoria. La tatu ni la maji baridi. Kwa nini? Mito ya Malewa na Gilgil huingia Naivasha na hakuna mto unaoonekana ukitoka. Lingepaswa kuwa la chumvi kama ndugu zake. Waachieni watoto fumbo hilo kwa wiki nzima kabla ya kuwaambia kwamba maji hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake.

Kisha ratiba. Kuondoka saa kumi na mbili za asubuhi, kukiwa na mwanga. Kufika ufuoni saa tatu. Kuvuka mapema, na kumaliza kuvuka kabla ya saa nne na nusu. Kutembea hadi saa sita katika makundi ya watoto kumi, kila kundi na mwalimu wake na swali lake moja. Kula chini ya miti. Kila mtoto apewe nusu saa ya kukaa kimya mahali pamoja na kuandika anachokiona na kukisikia. Kurudi ng'ambo kabla ya saa nane. Kuwa nyumbani kabla ya saa kumi na mbili.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ninahimiza sana kurudi ng'ambo mapema. Jina la Naivasha latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka. Asubuhi ziwa hulala kama kioo. Alasiri upepo huvuma na mawimbi huinuka. Wenyeji waliolipa ziwa jina hilo walikuwa wametuachia onyo, nasi tunalitamka kila siku bila kulisikia. Asiyejua maana haambiwi maana.

Na hapa nalazimika kusema juu ya hofu, kwa maana najua mzazi anayesoma makala haya amekwisha kuikunja paji la uso. Ana haki. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ilipinduka Mtongwe, Mombasa, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 270 wakafa. Mnamo Machi 30, 2023, basi la Chuo Kikuu cha Pwani lilipata ajali pale Kayole, Naivasha, katika barabara hiyo hiyo tutakayoipita, na zaidi ya watu kumi wakapoteza maisha. Na sisi tulio karibu na Solai hatuhitaji kukumbushwa usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipobomoka na maji yakawazoa zaidi ya watu 40 wakiwa majumbani mwao. Wapo watoto katika madarasa yetu ambao neno maji kwao lina maana nyingine.

Jibu langu si kwamba hofu hiyo ni ya bure. Jibu langu ni kwamba hofu hiyo iingizwe katika mpango, isiwe sababu ya kutopanga. Asiingie mtoto mashuani bila jaketi ya kuokoa maisha iliyofungwa mkanda, na mwalimu avae ya kwake kwanza ili aonekane. Mashua isichukue hata mtoto mmoja zaidi ya idadi yake, hata nahodha akisema haidhuru. Mtongwe palikuwa na waliosema haidhuru. Vichwa vihesabiwe wakipanda basi, wakishuka, wakipanda mashua, wakishuka, na kabla ya kuondoka, na anayehesabu awe mtu mmoja siku nzima. Asisogelee mtu ukingo wenye matete, kwa kuwa viboko hujificha humo mchana, na katika ziwa hilo wamepata kuua watu. Twiga atazamwe kwa mbali. Mtoto mwenye pumu ajulikane mapema, dawa yake ikae mfukoni mwa mwalimu wa kundi lake. Dereva apumzike wakati watoto wanatembea, asiwafuate. Na giza lisitukute njiani. Wizara imeonya mara nyingi juu ya safari za usiku, na sisi walimu tumezoea kusikiliza onyo hilo baada ya mazishi.

Kuna kishawishi kingine kitakachotujia, hasa kutoka kwa wenzetu wanaopenda kupata thamani ya pesa. Watasema: maadamu tumefika Naivasha, si tuingie pia Hell's Gate? Si tupite Elsamere tukaione nyumba ya Joy Adamson? Si tuone mashamba ya maua? Mahali hapo pote panafaa kuonwa, lakini si siku hiyo. Mshika mbili moja humponyoka. Tukiongeza la pili tutakata nusu saa ya ukimya. Tukiongeza la tatu tutakata matembezi yenyewe. Na mwisho tutakuwa tumerudi kule kule nilikoanzia, watoto wakiandika insha juu ya basi.

Nimeliacha gumu kuliko yote hadi mwisho, nalo ni pesa. Kukodi basi, kulipa mashua na kulipia kiingilio si jambo dogo kwa mzazi anayeuza lita tatu za maziwa kwa siku. Najua walimu watakaosema: wenye uwezo waende, wasio nao watakwenda mwaka ujao. Mwaka ujao huo sijauona ukifika. Watoto wanaoachwa langoni ni wale wale kila mwaka, na wanajua, na wenzao wanajua. Shule inayofundisha usawa ubaoni ikawatenga watoto langoni imefundisha mambo mawili, na la pili ndilo litakalokumbukwa.

Pendekezo langu ni hili. Darasa lianze kuweka akiba tangu muhula wa kwanza, shilingi chache kila juma, pamoja na mazao ya shamba la shule na mchango wa hadhara wa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Pesa hizo ziwe za darasa zima, si za mtoto mmoja mmoja, na hesabu yake ibandikwe ukutani ili kila mmoja aisome. Ikifika siku na akiba haitoshi kuwachukua wote arobaini, basi lisiende na thelathini. Ziara igeuzwe, na wote waende kwa miguu kando ya Waseges, kuanzia mahali maji yalipo meupe hadi yanapogeuka mekundu, wakiwa na kijitabu kile kile, makundi yale yale na nusu saa ile ile ya ukimya. Hiyo haigharimu ila chakula cha mchana na viatu.

Tena naona heri matembezi hayo ya nyumbani yafanywe kwa vyovyote, mwezi mmoja kabla ya yale ya kisiwani, yakiwa mazoezi. Mwalimu atajua ni nani anayechoka upesi, ni nani anayetoroka kundi, na viatu vya nani vitakatika. Mtoto naye atakuwa na kipimo. Atakapokutana na Malewa ramani, atakuwa na Waseges miguuni, na atauliza kama mkulima wa juu ya Malewa naye hulima hadi ukingoni, na udongo ule huishia wapi. Akiuliza hivyo, mwalimu asimjibu upesi. Amwambie wakavuke waone.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mengi mno kwa siku moja ya kalenda ya shule, na kwamba mwalimu ana madaftari ya kusahihisha na ripoti za kujaza. Nakubali kwamba ni kazi. Lakini tukipiga hesabu ya ziara zetu za zamani, pesa zilizotumika, usingizi uliopotea, na insha zilizoletwa, tutaona kwamba gharama tumekuwa tukilipa siku zote. Bidhaa ndiyo ambayo hatukupata kuipokea.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tuwafikishe watoto majini, wote, kwa mwendo wa miguu yao, na tuwarudishe salama jua likiwa bado juu. Yule kijana wa mbuzi sasa ni mtu mzima na ana watoto shuleni. Juma lililopita alinionyesha barua aliyoletewa na bintiye. Ilikuwa na mistari mitatu. Aliniuliza mstari wa nne umekwenda wapi, nikakosa la kumjibu. Nimeandika makala haya ili walimu wenzangu wanisaidie kumjibu kabla muhula haujafika katikati.